Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya kuchora wahusika wa hadithi (wiki 12). Haya ndiyo niliyojifunza

Fundi Bango

Habari za muda huu wakuu.

Nilipoweka humu picha za vibao vya saluni nilivyowahi kuchora, watu kadhaa walinifuata chemba (ujumbe wa faragha) kuniuliza siku hizi naendelea na nini. Nikawajibu nasoma. Sasa nimemaliza, na nimeona niandike hadharani ili na wengine wanaoiwazia njia hii wapate pa kuanzia. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Mimi ni mchoraji wa mabango, Morogoro. Kama ulikuwa unanyolewa maeneo ya Msamvu miaka ile, yawezekana ulikaa chini ya vichwa vyangu: mitindo ya panki, kiduku, denge, na yule dada wa ukuta wa pili mwenye rasta. Rangi ya mafuta juu ya mbao, au ukutani moja kwa moja. Kazi ilinilipia kodi na ada za watoto mpaka mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipojaa mjini. Kibao nilichokuwa nakaa nacho siku mbili, mteja akawa anachapishiwa huku anasubiri pale pale dukani. Nikabaki na mkono unaojua kuchora na hakuna wa kumchorea.

Jamaa mmoja anayepanga kurasa za vitabu vya watoto akaniomba kurasa tatu za majaribio. Nikazichora kwa uwezo wangu wote. Akazirudisha na kuniambia, "Fundi, watu wako ni wazuri, ila wote wamekaa kama wanapiga picha ya pasipoti." Iliniuma. Nilipozitazama tena usiku nikaona ni kweli tupu. Miaka yote hiyo nimechora vichwa vinavyomtazama mteja. Kichwa cha kwenye kibao cha kinyozi hakina kinachokitaka, hakitoki popote wala hakiendi popote. Mtoto wa kwenye hadithi anatoka mahali, anataka kitu, na kuna jambo limemzuia. Hilo nilikuwa sijui kulichora.

Kozi niliyochukua inahusu wahusika wa hadithi tu, yaani vitabu vya picha na katuni za kurasa. Kuna video za masomo, zoezi kila wiki, na mwalimu anaichukua kazi yako anachora juu yake kwa mstari mwekundu huku anaeleza. Nimelipa dola 180 kwa awamu mbili, kwa ile kadi ya mtandaoni inayounganishwa na pesa za kwenye simu. Video nilikuwa nazishusha usiku wa manane kwa bando la usiku, mchana natazama nikiwa sina hata mtandao.

Wiki ya kwanza hakuna kuchora sura kabisa. Unawekewa picha ya mtu anaruka, anainama, anavuta kamba, una sekunde 30 tu, halafu inakuja nyingine. Mimi nikaanza na jicho, kama nilivyozoea kwenye vibao. Sekunde 30 zinaisha nina jicho moja zuri na nyusi. Picha 20, macho 20, hakuna hata mguu. Mwalimu akanionyesha kwamba unaanza na mstari mmoja tu, kutoka kichwani kupitia uti wa mgongo hadi kwenye kisigino kilichobeba uzito. Mstari ule ndio mkao. Ukiwa umepinda vizuri, hata ukiweka duara tupu mahali pa kichwa, mtu anaonekana anavuta kamba. Ukiwa umenyooka kama nguzo ya umeme, hata ukichora misuli yote, kamba inaning'inia tu.

Nilifanya zoezi hilo kila asubuhi kabla ya chai, miezi mitatu. Kama ningeambiwa nibaki na kitu kimoja kutoka kozi nzima, ningebaki na hicho.

Wiki ya tatu ni vipimo. Kichwa ndiyo futi yako. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, na wachoraji wengi humpa shujaa wao vinane ili aonekane ametukuka. Mtoto wa mwaka mmoja ana kama vinne. Wa kuanza shule yuko kati ya vitano na sita. Nikarudi kwenye kurasa zangu tatu nikapima: "mtoto" wangu alikuwa na vichwa saba! Nilikuwa nimechora mwanaume mfupi amevaa kaptula. Ndiyo maana alikuwa anatia mashaka na mimi sijui kwa nini.

Wiki ya nne, unamjaza mhusika wako rangi nyeusi mwili mzima, ndani kusionekane kitu, halafu unamwuliza mtu wa nyumbani: huyu ni nani, anafanya nini? Wa kwangu, binti yangu alisema "ni gunia". Alikuwa konda wa daladala. Nikamtoa mkono ukashika bomba la mlangoni, mguu mmoja ukawa hewani, noti zikachomoza katikati ya vidole, kiwiliwili kikaegemea nje. Nikajaza weusi tena. Akasema "konda" hata kabla sijauliza.

Sasa wiki ya sita. Hii naieleza taratibu.

Zoezi lilikuwa mhusika mmoja, ukurasa mmoja, bila neno hata moja. Anayetazama ajue nini kimetokea dakika moja nyuma, na ahisi nini kinakuja. Nikamchagua mtoto aliyetumwa dukani mafuta ya kupikia, kadondosha hela njiani. Nikamchora amesimama katikati ya njia, chupa tupu mkononi, mdomo umepinda, machozi mawili makubwa mashavuni. Nikajua nimemaliza.

Mwalimu akafuta machozi. Akafuta mdomo. Kisha akaiziba sura yote kwa mraba mwekundu na kuniuliza, "Sasa niambie huyu mtoto ana shida gani." Hakikubaki kitu. Mwili ulikuwa umesimama tu. Akasema nimemchorea neno "huzuni" badala ya kumchorea mtoto.

Nikaenda kukaa kwenye benchi la dukani kwa Mangi, jioni tatu mfululizo, na kijidaftari. Watoto wanaotumwa dukani ni wengi kuliko unavyodhani, na jioni ya pili akaja mmoja aliyepoteza kweli. Hakulia. Kwanza alisimama kwa mguu mmoja akajikuna kigimbi kwa unyayo wa mguu wa pili. Akaingiza mkono mfukoni akautoa mfuko nje, kile kitambaa cheupe cha ndani. Halafu akafungua kiganja, kile kile alichojua hakina kitu, akakitazama tena. Akakifunga. Akakifungua. Kisha akageuka kuitazama njia aliyojia. Kilio kilikuja baadaye, alipomwona mama yake kwa mbali. (Mangi alimpa mafuta akaandika kwenye daftari la madeni, msiwe na wasiwasi.)

Nikachora upya. Mtoto tunamwona kwa nyuma, kidogo ubavuni, sura haionekani isipokuwa shavu na ncha ya sikio. Mfuko wa kaptula umechomoza nje. Chupa kaibana kwapani ili mikono yote miwili iwe huru. Kiganja kimefunguliwa usawa wa tumbo na shingo imeinama juu yake. Njia inarudi nyuma mpaka kwenye mlango mdogo wa nyumba, na mlangoni kuna mtu mwenye kanga, mdogo kama punje ya mchele. Hakuna chozi hata moja.

Safari hii mwalimu hakushika kalamu nyekundu. Alisema tu kwamba anataka kufungua ukurasa unaofuata. Nimelipwa kwa kazi nyingi maishani, lakini sentensi ile nimeiandika ukutani juu ya meza yangu.

Vifaa kwa kifupi: nilianza kwa penseli na karatasi za kupigia chapa, wiki ya saba nikanunua tableti ya mkono wa pili yenye kalamu yake. Natumia Krita, programu ya kuchora, ni ya bure na inakubali kwenye Android na kwenye kompyuta. Procreate ni nzuri ila ni ya iPad tu. Kwa wenye simu pekee, ibisPaint inaanzisha safari vizuri.

Maswali karibuni.

bando_limeisha

Mkuu nimesoma yote. Ila swali la kiungwana: mambo ya mkao, vipimo vya vichwa, kujaza weusi, yote yapo YouTube bure. Laki nne na ushee ya nini? Siulizi kwa ubaya, na mimi nataka kuanza ila mfuko hauruhusu.

Fundi Bango

Swali zuri sana ndugu yangu. Maelezo yapo bure, na mengine ni mazuri kuliko ya kozi yangu. Proko, chaneli ya YouTube ya kufundisha kuchora, ana masomo mengi ya wazi ya mwili wa binadamu, Ctrl+Paint ipo kwa wanaoanza kuchora kwa kompyuta. Nilikuwa nimeshazitazama kabla. Nilichokosa ni mtu wa kuziba ile sura kwa mraba mwekundu. Mwenyewe nisingeiziba, kwa sababu sura ndiyo niliyokuwa najivunia.

Kama hela haipo, tafuta watu watatu mnaochora, mkubaliane kila Jumapili kila mmoja alete ukurasa mmoja na wengine wachore juu yake kwa rangi nyingine. Msisifiane. Hilo litakupa sehemu kubwa ya nilichokilipia.

Na tahadhari kwa wanaolipa kwa mwezi: zima malipo ya kujirudia siku ile ile unayojiunga. Jukwaa moja nililojaribu kabla ya hili lilinikata mwezi mzima wa ziada nilipokuwa nimeshaacha, na hela haikurudi.

Mwalimu wa Chaki

Nafundisha darasa la pili. Naomba niongee kwa upande wa wanaosoma hizo picha, maana wachoraji mara nyingi hamtuoni tulipo.

Darasani kwangu, mtoto anayeanza kusoma haanzi na maneno, anaanza na picha. Anakisia neno kwa kutazama mhusika anafanya nini, kisha anarudi kwenye herufi kuhakikisha. Sasa nina kitabu kimoja darasani, sentensi inasema msichana amejificha nyuma ya mlango kwa sababu anaogopa mbwa. Picha: msichana amesimama mbele ya mlango, anatabasamu, anatutazama. Mbwa naye anatabasamu. Kila mwaka nikifika ukurasa huo watoto wanasoma "anamkaribisha mgeni". Wanasoma sawasawa kabisa, ni picha ndiyo inayowadanganya. Halafu mtoto anaambiwa amekosea.

Kwa hiyo Fundi, hicho ulichokipata kwenye benchi la Mangi, kwetu si urembo. Mtoto wa darasa la pili anakitegemea ili ajue kusoma.

Fundi Bango

Mwalimu, umenipa kitu ambacho kozi haikunipa. Nitaanza kumwonyesha mtoto picha kabla hajasikia hadithi, aniambie yeye inasema nini.

Pindo la Kanga

Hongera kaka. Nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye duka la kanga la marehemu mama, na nina kilio changu. Wachoraji wengi kanga mnaichora kama shuka lenye maua. Kanga ina pindo inayozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi, yanayokaa juu ya pindo la chini kwa urefu. Mwanamke akijifunga kiunoni, jina linaangukia nyuma, ndiyo maana anayelisoma ni yule anayemfuata. Kwa mhusika wa hadithi hiyo ni zawadi kubwa. Unaweza ukamfanya mama asiseme neno lolote na kanga yake ikasema.

Na inavyofungwa inaeleza kinachoendelea. Ya kichwani ikishuka mabegani, amepumzika. Ikikazwa kiunoni juu ya gauni, kuna kazi au kuna ugomvi. Hakuna haja ya kumkunja sura.

Huyo mama wa mlangoni kwenye picha yako, hata awe punje ya mchele, kanga yake iko wapi?

Fundi Bango

Dada yangu, kanga niliiweka begani tu, bila kufikiri. Hapa nimefungua faili. Naikaza kiunoni, na mkono mmoja nauweka juu ya macho, anamtafuta mtoto anayechelewa. Asante sana, umeongeza hadithi kwa kiungo ambacho nilikiacha bure.

Mkwaju wa Kale

Wanangu salamu. Nimekuwa mchoraji wa magazeti kabla wengi wenu hamjazaliwa, sasa napumzika. Kuna kijana alinifuata pembeni akasema haya mambo ya kujifunza kwa mtandao yataua uchoraji wetu, wote mtachora macho makubwa kama ya katuni za nje. Nikaona nijibu hapa.

Kujifunza kwa mbali hakukuanza na intaneti. Huko Marekani, mwaka 1948, mchoraji Albert Dorne na wachoraji wenzake, Norman Rockwell akiwemo, walifungua shule ya posta pale Westport, Connecticut. Mwanafunzi anachora, anatuma kwa barua, na mkufunzi anairudisha na karatasi ya juu yenye masahihisho. Mstari mwekundu wa Fundi ni ule ule, ila hausubiri tena meli.

Na kwetu, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua alichokuwa nacho, ubao laini na rangi ya baiskeli. Waliomfuata hawakufundishwa kwa kitabu. Walikaa ubavuni mwake wakatazama mkono. Alifariki 1972, na mkono ule unaendelea mpaka leo kwa waliokaa ubavuni mwa waliokaa ubavuni. Tofauti na kozi ya Fundi ni ukuta mmoja tu wa kioo.

La macho makubwa: mtindo wa nje hauingii kwa mlango wa kozi, unaingia kwa mlango wa uvivu. Anayekaa kwenye benchi la dukani atachora mtoto wa Morogoro hata mwalimu awe Mspania. Chakubanga, yule mhusika wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, watu walimjua kwa umbo tu. Ungemjaza weusi wote, bado ungemjua. Gregory alimpata kwa kututazama sisi.

Fundi Bango

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Naomba ruhusa nikufuate chemba, nina kurasa nane ningependa uziharibu kwa kalamu yako.

Mkwaju wa Kale

Marahaba. Lete. Kumi usilete, nane zinatosha.

Penseli ya Nairobi

Niaje wadau. Mimi nafanya kazi ya kupanga vitabu vya watoto hapa Nairobi, acha niongeze mambo ya uchapaji kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika na mchoraji hata hajui.

Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32. Si uchawi, karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mara moja, kwa hivyo hesabu lazima igawanyike hivyo. Toa kurasa za jina na za haki miliki, unabaki na picha kubwa za kurasa mbili zipatazo 12 hadi 14. Kabla ya kuchora chochote safi, chora kitabu kizima kwa visanduku vidogo kama stempu za posta kwenye karatasi moja. Utaona ni wapi hadithi imelala na ni wapi mtoto ametazama kushoto kurasa sita mfululizo.

Usiweke sura ya mtu katikati ya picha ya kurasa mbili. Mkunjo wa kitabu utaimeza pua. Nimeona bibi amepoteza jicho hivyo, kitabu kishachapwa.

Chora kwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa ukurasa. A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Ongeza milimita 3 kila upande zitakazokatwa. Na uliza mapema kuhusu rangi: skrini yako inatoa mwanga, wino hautoi. Ile buluu kali na kijani cha ndimu unayoipenda kwenye tableti itafika kama imefuliwa na jiki.

Fundi, tableti ya mkono wa pili inabeba leya (matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine) ngapi kwa ukubwa huo?

Fundi Bango

Inaanza kukwama nikipita leya 12 hivi. Najizuia: moja ya mchoro wa awali, moja ya mstari, mbili za rangi za mhusika, mbili za mandhari, moja ya kivuli. Nikimaliza mandhari naziunganisha. Kusema kweli ufinyu huo umenifundisha kuamua mapema. Kwenye ukuta wa kinyozi hakukuwa na leya.

La mkunjo sikulijua. Nina ukurasa mmoja ambao babu amekaa katikati kabisa. Namsogeza leo.

Mchanga wa Kigoma

Kaka naomba kuuliza, mimi sina hadithi yoyote wala simjui mwandishi. Nachora tu. Nifanyie wapi mazoezi ya wahusika wanaoendelea kurasa nyingi? Kila mara mhusika wangu ukurasa wa pili anakuwa mtu mwingine.

Fundi Bango

Mdogo wangu, hadithi zipo. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za watoto zenye leseni huria (zinazoruhusu wengine kuzitumia), na za Kiswahili zimo. Soma leseni ya kila hadithi kabla ya kuitumia, chukua moja fupi, ifunike picha zake usizione, uichore mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukimaliza ndiyo ufunue ulinganishe na mwenzako alivyoamua.

Mhusika kubadilika kila ukurasa kulinitesa sana. Dawa ni kumchora kabla hadithi haijaanza: mbele, ubavu, nyuma, wote wamepangwa kwenye mistari ile ile ya usawa wa jicho, bega, kiuno na goti. Chini yake sura sita, akicheka, akikasirika, akishtuka, akidanganya, akiona aibu, akisinzia. Ya kudanganya ndiyo ngumu kuliko zote, itafute. Kisha mpe kitu kimoja kisichobadilika. Mtoto wangu ana kitufe kimoja cha shati kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Popote alipo, hata akiwa mdogo kiasi gani, nukta nyekundu ile ipo kifuani. Karatasi hiyo ibandike mbele yako wakati wote unapochora.

Mchanga wa Kigoma

Asante sana kaka. Naanza na sura ya kudanganya.

bando_limeisha

Tumepatana watatu humu humu, tumeanza Jumapili. Mimi nimezibwa sura wiki ya kwanza tu, na nimeelewa sasa ulichokuwa unasema.

Ila Fundi, hujatuambia. Yule mtoto wa kwenye picha, hela aliipata?

Fundi Bango

Yuko ukurasa wa tisa. Amerudi nusu ya njia, amechuchumaa pembeni ya mtaro, na kuna kuku mmoja amesimama juu ya kitu. Mguu wa kuku haujakaa sawa, nimeuchora mara saba, uzito hauonekani umeelemea upande gani. Jioni naenda kwa jirani mwenye kuku nikakae uani kwake.